Ndege Yangu Inazimia Hewani na Harusi ni Jumamosi

Bi Mbodze mpendwa, shikamoo, nisaidie upesi kwani siku zinakwisha. Mimi ni Kimanzi, fundi wa simu hapa Bongwe, sikusomea popote, na ndege yangu ya rimoti nimeiunda kwa mikono yangu kwa maboksi meupe mepesi ya povu ya kubebea samaki, gramu 1,140, ikaruka mara 31 bila kasoro, hadi shemeji yangu Matano, kakake mke wangu Sidi, akaniomba imwage asumini kwenye harusi yake, nami kwa furaha juu ya zile mota ndogo nne za kugeuza mabawa na mkia nikaongeza ya tano ya kufungua kikapu cha maua, Jumapili tukaijaribu kwao Kombani, ikapanda, vigelegele vikalia, lakini nilipokata kona na kufungua kikapu kwa mpigo ikaacha kabisa kuisikia rimoti, ikatumbukia ndani ya karai la tui la mama mkwe!

Mama akajifuta uso, akasema, "Mwanangu, mahari ulishatoa, na ndege ya nini tena?" Ua mzima ukaangua kicheko. Matano hakucheka. "Shemeji, isipopona kufikia Ijumaa, usiilete."

Sidi anasema inazimia ikizidiwa na kazi, betri haitoshi. Nikamwambia aniachie ufundi, na tangu hapo chai ananiwekea bila kunitazama. Lakini betri yenyewe ya mota hizo ndogo na risiva (panga la mbele lina yake), seli nne nilizotoa kwenye taa za sola za bustani zilizotupwa na hoteli moja Diani, niliipima kabla na baada: volti 5.1! Na risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti, nikiiwasha chini, ni nzima. Ninunue risiva mpya, au niache?

*

Marahaba, Kimanzi. Pole kwa ndege, na pole zaidi kwa tui.

Nilimsomea barua yako Mwau, fundi wetu wa mitambo hapa redioni. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akauliza, "Alipopima, mota zilikuwa zimetulia?" Zilikuwa zimetulia, sivyo? Basi ulimpima mchukuzi akiwa amekaa kivulini. Mota tano zikivuta pamoja, seli hizo zilizochoka zinaporomoka, risiva inakosa nguvu na kuzima. Mota zikitulia, volti zinarudi, nawe unailaumu risiva isiyo na kosa.

Usinunue risiva. Leo funga mita ya volti kwenye betri, Sidi asome, wewe chezesha mota zote tano kwa mpigo. Ikishuka chini ya volti nne na nusu, itupe. Tafuta betri mpya ya seli tano, madukani si jalalani, uhakikishe mota na risiva zinahimili volti sita. Waya uwe mnene. Chaji uijaze asubuhi ya kuruka. Ijumaa irushe mara kumi mbele ya Matano, kikapu kimejaa. Kumi, si tisa! Na usipite juu ya vichwa vya watu, hata wakikushangilia. Mwaga maua mbele yao.

Ila kabla ya kugusa waya wowote, mwombe mkeo radhi, tena mbele ya mama yake. Aliona kwa macho matupu kitu ambacho wewe hukukiona kwa mita. Jumamosi rimoti ishike wewe, na swichi ya maua aibonyeze Sidi.