Joto Lilikuwamo, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unakula, maana shangazi kaniambia kwenye simu kuwa sahani inarudi jikoni ilivyokwenda. Mimi mwili mzima, moyo ndio uko huko Rusimbi. Huku ni theluji tu. Mlango wa maabara tunaufukua kwa koleo.

Habari ya mtoto wa Esperance imenivunja. Kakimbia Burundi na mimba, kashuka kwenye boti hapo Kibirizi hana hata ndugu, ukampa kitanda changu, akajifungua kabla ya siku zake. Zahanati walisema kichanga kiwekwe kwenye joto. Ndiyo maana nikampa msafiri wa huko kile kipakiti tunachokitengeneza hapa kazini, chenye kitu kigumu kama mafuta yaliyoganda: kinanyonya joto la maji ya moto, kisha kinalitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko jiwe. Nilikueleza kuwa hakiyeyuki, nawe ukanicheka: "We Tatu, mafuta gani hayo yasiyoyeyuka motoni?"

Wewe ni mtu wa mawese. Asubuhi za baridi chupa ikiganda unaisogeza karibu na moto, na yakiyeyuka unajua joto limeingia. Ndivyo ulivyofanya. Ukakichemsha, ukakibonyeza, kigumu. Ukaongeza kuni, bado kigumu. Mtoto akapoa mikononi mwa mama yake, nawe uko jikoni unangoja.

Umeniuliza, nisikufiche: joto lilikuwamo? Nimelia sana kabla ya kushika kalamu. Ndiyo, mama, lilikuwamo. Kinabadilika kwa ndani, nje kinabaki vilevile. Kama mtoto angepona, hilo silijui, na hata mganga wa zahanati hajui. Alikuwa mdogo mno.

Shangazi anasema Esperance, aliyefiwa, ndiye anayekubembeleza wewe: "Ihangane, mama, vumilia." Na kwamba umeapa hutampokea mkimbizi mwingine. Usiape, mama yangu. Boti bado zinakuja.

Nisalimie shangazi, asiyeweza kuficha neno, na kaka Hamisi na dagaa wake. Esperance mshike mkono kwa niaba yangu.

Kipakiti usikitupe. Akija mwingine na kichanga, kitie kwenye maji ya moto, kitoe, kifunge kanga, umpe. Usingoje kiyeyuke.

Mwanao akupendaye,
Tatu