Tuta Lililopungua Kiganja

Jumanne, 23 Septemba

Sauti ile haijanitoka. Kwaru. Kwaru. Kimya. Kisha kwaru tena. Niliisikia alfajiri nikiwa kitandani, kama mtu anayesugua kwa mchanga sufuria iliyoungua. Nilitoka na mswaki mdomoni, nikaelekea jikoni. Sikuona mtu. Ukungu tu juu ya mto, na mpishi wa kambi bado amelala.

Kisha kazi, kama kila siku. Kufuta kioo cha darubini ya upimaji, kukaza miguu yake mitatu, kujaza maji. Tunaanza mapema kwa sababu ikifika saa nne hewa inachemka na namba za fimbo ya vipimo zinacheza kama ziko ndani ya maji. Hapo hupimi tena. Unabahatisha.

Dhadho ndiye anayenishikia fimbo hiyo. Mpokomo wa hapa hapa, ana wajukuu, mdomo haufungi. Mbele yangu ananiita mwanangu. Nikigeuka, bosi.

Leo nimemaliza pembe zote za tuta la kuzuia mafuriko, kona kwa kona, kutoka malka, ile njia ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia mtoni, mpaka daraja la Garsen. Zimefunga, jumla yake imelingana. Mstari wa tuta uko pale pale ulipochorwa. Nimefurahi kupita kiasi na sina wa kumwambia.

Kesho urefu wa kwenda juu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mto haujali tuta limekaa wapi. Unajali limesimama wapi juu.

Alhamisi, 25 Septemba

Kuna kitu hakiko sawa.

Mpimaji aliyekuwa hapa kabla yangu alipigilia vigingi vyote kisha akahamia kazi nyingine. Kila kigingi kina mstari mwekundu: udongo ujazwe mpaka hapa. Vigingi vya upande wa daraja alivipima kwa kuanzia alama iliyo kwenye zege la daraja. Vya upande wa malka alivipima kwa kuanzia nguzo fupi ya zege iliyosimikwa pale pale malka. Pande mbili zinakutana kwenye kona, katikati ya mathenge, ile miti ya miiba.

Zinakutana kwa mstari. Kwa urefu hazikutani. Upande wa malka uko chini kwa upana wa kiganja changu.

Niliweka kiganja pale, kati ya mstari na mstari. Kilitosha kabisa. Nilikitazama muda mrefu.

Wageni husema huku ni tambarare tupu. Hawaoni. Mimi naona mteremko kila mahali, mdogo, mvumilivu, unaoshuka na mto mpaka baharini. Katika nchi kama hii kiganja kimoja ni kilima. Maji yatakitafuta na yatakipata.

Na nyuma ya upande ule wa chini ndiko kilipo kijiji cha mama mdogo.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepima tena. Kwenda na kurudi, kutoka nguzo ya malka mpaka kwenye kona na kuishia nguzo ile ile. Mzunguko umefunga kwa tofauti ya milimita tatu. Tatu! Jua, mathenge, mwiba ndani ya kiatu, na milimita tatu. Mwalimu wangu wa chuo angeuliza nimepika namba hizo kwenye jiko gani.

Kwa hiyo si jicho langu. Si Dhadho. Darubini iko sawa.

Kazungu, msimamizi wa mitambo, alikuwa amekaa kivulini mwa lori akisubiri wenzake watoke msikitini. Nilimweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Madam, kiganja kimoja? Maji yenyewe hayana rula."

"Maji ndiyo rula, Kazungu."

Dhadho alipiga kofi pajani. Kazungu akasema mimi nitazeeka kabla sijaolewa. Nilikunja vifaa vyangu. Bado nalipenda jibu langu. Limenichangamsha mpaka usiku huu.

Jumapili, 28 Septemba

Kwa mama mdogo. Kambare wa kupaka na wali wa shamba lake. Nilikula kama mwizi.

Ukutani kwake kuna ule mstari wa matope ya mafuriko. Nilikuwa darasa la tatu mwaka ule maji yalipoingia. Tulipanda juu ya paa na kuku wawili na redio, tukakaa mpaka mtumbwi ulipokuja. Amepaka chokaa juu ya mstari huo mara nyingi. Unarudi. Hakuna anayeuzungumzia. Watu huning'iniza kalenda juu yake.

Pembeni ameanza kujenga chumba kipya. Matofali yamefika kiunoni. Nikamwuliza kwa nini asingoje mvua zipite kwanza.

"Ningoje nini? Tuta linakuja. Na anayelipima si ni wewe?"

Alisema mbele ya majirani. Kwa sauti. Kifua chake kilijaa, changu pia, nisijidanganye. Kisha nikakikumbuka kiganja, nikasukuma sahani.

Nilirudi kwa miguu kando ya vigingi. Nilichuchumaa kwenye kimoja na kutazama kutoka mstari mwekundu kuelekea ukuta wake. Naujua mstari wa matope ulipo. Naujua mstari wangu ulipo. Unaitwa wangu sasa, hata kama si mkono wangu ulioupiga.

Jumanne, 30 Septemba

Nimempata Injinia wa mradi kwa simu. Yuko Malindi. Alisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Kisha akasema neno nililoliogopa.

"Gawa kosa, binti. Gawa kwenye vituo vyote mpaka darajani, litapotea. Ndivyo tunavyofanya."

Ndivyo tunavyofanya, ni kweli. Milimita tatu unazigawa, kila kituo kinabeba chembe yake, na hakuna aliyedanganywa. Nimezigawa mara nyingi. Lakini kiganja hakigawiki. Ukikigawa kinapotea kwenye karatasi tu. Kwenye udongo kinabaki.

Nilimwambia hivyo. Labda kwa ukali. Akauliza nina muda gani kazini. Anajua nina muda gani. Mkataba wangu ni wa miezi sita na yeye ndiye atakayesema kama unaendelea.

Akaongeza: "Na hujui kosa liko upande gani. Pengine daraja ndilo limekaa vibaya."

Hapo amesema kweli. Sijui. Inaniuma kwamba amesema kweli.

Jumatano, 1 Oktoba

Sasa najua.

Alama mbili zikibishana, tafuta ya tatu. Kwenye msingi wa shule ya msingi kuna kitufe cha shaba, kilichopachikwa shule ilipojengwa. Urefu wake umeandikwa katika orodha ya zamani ya alama. Tulianzia darajani mpaka shuleni: tofauti ya milimita nne. Tukaanzia malka mpaka shuleni: kiganja kizima kimekosekana.

Daraja na shule zinakubaliana. Nguzo ya malka imeshuka.

Watoto walikuwa madirishani wakinitazama. Msichana mmoja alitaka kuchungulia darubinini. Akapiga yowe alipomwona Dhadho amesogea karibu hivyo. Dhadho akamtolea ulimi. Nikamwonyesha namba za kusoma. Alizisoma sawa mara ya kwanza. Nimetembea na hilo siku nzima kama nimepewa zawadi.

Lakini nguzo ya zege hushukaje?

Alhamisi, 2 Oktoba

Kwaru. Kwaru.

Alfajiri hii niliruka kitandani bila viatu. Nilikimbia kuelekea sauti, siyo kuelekea jikoni kama siku ile. Kuelekea malka.

Fahali mkubwa mweupe, nundu kama gunia, ameegemea nguzo yangu ya alama na kujisugua shingo. Macho amefumba. Mate yanachuruzika. Akimaliza upande mmoja anageuka na kusugua wa pili. Nyuma yake wengine wamepanga foleni. Foleni kweli, wamejipanga wenyewe, kama watu kwenye bomba la maji.

Mchungaji wao anaitwa Barisa. Namjua kwa sura, hupita na mifugo kila asubuhi. Aliniona miguu mitupu, akaona nguo zangu za kulalia, akageuza uso kwa heshima. Nikamwuliza kama wanafanya hivi kila siku.

"Kila siku. Ng'ombe yangu nataka jikuna shingo. Hapa jiwe hakuna. Mti ni mathenge, iko miba. Serikali naleta jiwe moja, nzuri sana, iko kwa njia yake." Alinyoosha mkono kwenye nguzo. "Mimi nasema asante serikali."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Naye akacheka, ingawa hakujua ninachocheka. Akasema, "Leta ingine moja, dada. Hii iko foleni mrefu."

Nilikwenda kuchukua darubini na kumwamsha Dhadho. Tuliweka fimbo juu ya nguzo, nikasoma. Tukasubiri kundi jingine lije, lisugue, lishuke majini. Nikasoma tena. Nguzo ilikuwa imeshuka kwa unene wa ukucha. Kwa asubuhi moja.

Sasa yote yanaeleweka. Ni udongo mweusi. Masika ukalainika na nguzo ikalegea. Kiangazi ukapasuka pembeni mwa zege, nyufa zinazomeza mkono. Halafu ng'ombe, huku na huku, huku na huku, kama mtu anayezamisha kigingi kwa kukitikisa. Haikuinama, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Ilizama wima.

Mpimaji yule alitafuta mahali peupe pa kusimika nguzo, penye kuonekana mbali, pasipo mathenge. Akapata. Hakujiuliza kwa nini pako peupe. Mimi ni wa huku na hata mimi sikujiuliza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Hesabu ya udongo tangu asubuhi.

Kuinua tuta kiganja kimoja si kuongeza kiganja kimoja cha udongo juu yake. Tuta ni jembamba kichwani na pana miguuni. Kichwa kikipanda, miguu nayo lazima itanuke, la sivyo pande zinasimama mno na mvua ya kwanza inazimega. Kwa hiyo kila mahali penye kigingi nilichora mkato mpya, sura ya tuta likikatwa kwa upana, nikatafuta eneo lake, nikachukua wastani wa mikato miwili jirani na kuuzidisha kwa umbali kati yake. Kisha mikato inayofuata. Nilifanya mara mbili kwa njia mbili na majibu yakalingana. Udongo unaohitajika ni mwingi. Malori ya tipa mengi sana. Namwelewa Injinia sasa kwa nini hataki kusikia.

Nilimpigia. Nikamwambia habari za shule, na za fahali.

"Ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, Injinia. Ng'ombe."

"Usiguse kitu. Nakuja Jumatatu, tutazungumza."

Jumatatu. Lakini tingatinga linafika mbele ya kijiji Jumamosi, na rola iko nyuma yake. Tuta likishashindiliwa kwa miguu myembamba, kuinua kichwa baadaye ni kulifumua lote. Nani atakubali kulifumua? Watasema kiganja tu. Mvua ziko mlangoni.

Naogopa. Naliandika ili nilione. Naogopa kurudi nyumbani bila kazi na baba akauliza kulikoni kwa ile sauti yake ya upole. Naogopa kuitwa mtoto mkaidi katika kila ofisi kutoka hapa hadi Mombasa.

Lakini hesabu yangu ni sawa. Hilo siliogopi. Sijawahi kuwa na uhakika na kitu kama nilivyo na uhakika na namba hizi.

Jumapili, 5 Oktoba

Utulivu. Mitambo imezimwa, ni siku ya mapumziko. Nimefua. Nimekaa mlangoni na kikombe cha chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

Jana tuliamka kabla ya wote. Mimi, Dhadho, nyundo, kopo la rangi nyekundu. Tulianzia alama ya shule. Kigingi kwa kigingi mbele ya kijiji, nilifuta mstari wa zamani na kupiga mpya, kiganja kimoja juu. Miguu ya tuta nayo nikaihamishia nje, vigingi vipya. Dhadho alinishikia fimbo. Alipofika kwenye kigingi kilicho mkabala na nyumba ya mama mdogo alisema tu, "Hiki piga mwenyewe, mwanangu." Nikakipiga mwenyewe.

Kazungu alipofika na tingatinga alisimama, akatazama vigingi, akanitazama. Nilimwambia lipi ni lipi na kwa nini. Sikupaza sauti. Alitukana kidogo, si mimi, akamtukana mpimaji wa zamani, kisha ng'ombe. Halafu akapanda na kurudisha mtambo nyuma kupanua miguu. Mitambo hufuata vigingi. Jioni udongo ulikuwa umefika kwenye mistari yangu na rola ilikuwa imeanza kuushindilia.

Injinia nilimtumia ujumbe jana hiyo hiyo, kabla ya saa sita: Sigawi kosa. Vigingi nimehamisha, hesabu ya udongo iko tayari, jina lililo chini yake ni langu. Hajajibu. Kesho atakuja.

Kitu cha mwisho nilikifanya jana jua likizama. Nilishuka malka na brashi na kufuta namba iliyokuwa juu ya nguzo, nikaipaka nyeusi yote. Si alama tena, hakuna atakayeanzia pale.

Leo alfajiri nimeisikia tena. Kwaru. Kwaru. Sikuamka. Nguzo nimewaachia ng'ombe.