Kiti cha Tata Kwa Persis

Manga, 5 Mei 2025

Mwanangu Duncan,

Habari zenu huko Nairobi? Joyline hajambo? Huku mama yako ni mzima, ng'ombe ni mzima, mimi ndiye nimebaki nyuma. Majani chai yanachumwa na mvua hainyamazi, kwa hivyo usiniulize habari ya barabara.

Naandika kwa sababu sauti imekwisha. Ukinipigia simu utasikia mtu anakwaruza mabati, na hizo meseji zenu macho yangu hayazioni. Kiswahili cha barua nilikizoea nikiendesha lori la kiwanda cha chai, sasa utakivumilia.

Daktari wa Kisii amesema bila kuzunguka. Kile kidonda cha koo ni kansa, na tiba yake ni mionzi huko Nairobi, kila siku kwa wiki kadhaa. Nisipoipata, amesema nijipange. Mama yako alitoka nje ili nisione machozi, lakini nilimwona kupitia dirisha.

Sasa sikia maajabu. Tangu Pasaka uji napigana nao, nusu unarudi kwa pua. Tulipotoka kwa daktari mama yako akaniingiza duka moja la aiskrimu pale mjini, eti nesi alisema kitu baridi kinalaza koo. Mimi mzee mzima nimeshika kikombe cha watoto! Lakini ilipita, Duncan. Ilipita yote, nikalamba na kijiko.

Kwa hivyo nitakuja, ila kwa masharti. Nyumbani kwako siingii, hilo unalijua na halina mjadala. Nipangie chumba. Na karibu na hicho chumba unitafutie mahali pazuri pa aiskrimu, penye kiti, na mke wako asiwe anapita hapo. Pasipopatikana nitabaki hapa. Siwezi kuja kufa njaa katikati ya mji wa watu.

Ni mimi,
Tata


Nairobi, 14 Mei 2025

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na mama pia. Sisi tuko salama, kazi ya hadiwea inaendelea na Joyline anawasalimu sana.

Barua niliichukua ofisi ya vifurushi ya basi nikaisoma nimesimama pale pale mlangoni. Nilijua koo linakusumbua, sikujua ni hiyo. Bosi aliniuliza macho yana nini nikamwambia ni saruji.

Chumba nimepata hapa Umoja, mtaa wa pili kutoka kwetu, chini kabisa, hakuna ngazi. Joyline aliuliza kwa nini usilale kwetu na chumba cha wageni kiko wazi. Tafadhali usimkasirikie. Chinsoni, ile miiko yetu ya heshima, anazijua kama mimi, anajua baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni huruma ndiyo iliyosema.

Sasa aiskrimu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilianza Buruburu, duka zuri lenye taa za rangi, lakini muziki wake unatetemesha meza na vijana wanapiga kelele za mpira. Nikaenda Donholm. Pale viti ni vile virefu vya kuning'iniza miguu. Nilikuwaza ukiwa huko juu na fimbo yako, nikafunga mlango polepole. Kayole kuna mama mwenye aiskrimu tamu kuliko wote, lakini anauzia dirishani na unakula ukiwa umesimama barabarani. Komarock nilidhani nimefika: pametulia, ya embe ni laini, viti vina mgongo. Kuinua macho, nikaona wanakwaya wawili wa kanisa la Joyline wananipungia mkono, wanauliza shemeji yuko wapi.

Usikate tamaa Tata. Nikitoka kazini kila jioni nazunguka. Najaribu kula polepole kama utakavyokula wewe.

Mwanao,
Duncan


Manga, 26 Mei 2025

Mwanangu Duncan,

Poleni na kazi. Sisi tunaendelea, kila mtu kwa mwendo wake.

Mama yako alinisomea ile ya viti virefu mara mbili, na mimi kucheka ni shida siku hizi, mnataka kuniua kabla ya wakati. Huyo mwenye viti hivyo hana wazazi?

Usinitafutie yenye njugu wala vipande vya biskuti, vitakwama. Iwe laini tupu. Na iwe na kona. Nataka unielewe vizuri, Duncan. Nikila nakohoa, na ninachokula kinatoka kwa pua, na lazima niwe na kitambaa mkononi. Mama yako ameniona, basi. Lakini Joyline ni mke wa mwanangu. Siku ile alipoletwa hapa nilisimama mbele ya ukoo wao nikiwa na koti langu jeusi, nikaongea mpaka wakapiga makofi. Huyo mzee ndiye ninayetaka abaki naye.

Juzi nilifika Nyakoe, nikasikia kuna duka limeweka friza. Ni barafu ya rangi tu ndani ya plastiki. Ilinikwaruza mpaka nikarudi nyumbani nikiona damu kwa kitambaa. Mama yako usimwandikie habari hiyo.

Mshipi umefika tundu la mwisho, nimetoboa lingine kwa msumari. Uliza hospitali ni lini. Wananipa tarehe au wananipa salamu?

Ni mimi,
Tata


Nairobi, 30 Juni 2025

Tata,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa nataka niandike nikiwa na kitu mkononi, na kwa muda mrefu sikuwa nacho. Kila nikienda hospitali naambiwa foleni ni ndefu, rudi wiki ijayo. Na baridi ya Nairobi imeingia, maduka ya aiskrimu yamezima mashine na yanauza chai na soseji za smoki. Nililirudia lile la Komarock nikafikiria niwaombe wanakwaya wahame.

Sasa tarehe ipo: Jumatatu, 14 Julai. Na mahali papo. Ni hapa hapa Umoja, nyuma ya soko, nilikuwa napapita kila siku nikidhani ni kinyozi. Mwenyewe anaitwa Persis, mama wa makamo kutoka Nyacheki, huko huko kwetu. Nilipoanza kumweleza kwa Kiswahili alinikata kwa Ekegusii: ni babako, na una mke? Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Alichukua kiti chenye mikono akakiweka kwenye kona, kinatazama ukuta, akavuta pazia katikati. Akasema atakuwa anawasha mashine mapema kwa ajili yako hata kama hakuna mteja mwingine. Ya vanila anaitengeneza kwa maziwa halisi, haina hata chembe.

Nilikaa kwenye hicho kiti Tata, nikatazama huo ukuta. Ni mzuri. Njoo sasa.

Mwanao,
Duncan


Nairobi, 19 Julai 2025

Tata,

Sijui nianze na salamu gani. Mama amesema kwa simu kwamba ulifika na ukalala bila kuandika neno hata moja. Nashukuru Mungu umefika.

Jana asubuhi nilipobisha kwenye chumba chako na kukuta kitanda kimetandikwa na mkoba haupo, nilikimbia mpaka stendi ya basi na viatu vya nyumbani. Karani akaniambia mzee mmoja asiyeongea ameondoka na basi la kwanza.

Tulianza vizuri, si kweli? Siku tatu ulikula kwa Persis nyuma ya pazia, na nje nikawa nasikia kijiko kikigonga kikombe, nikaomba kisinyamaze. Halafu Alhamisi stima ikapotea mtaa mzima na Persis akawa na maji matupu. Nilikuzungusha kwenye mvua duka baada ya duka, yote yamefungwa au yamekuwa ya chipsi. Ulikuwa hujameza kitu tangu jana yake. Ulipoanguka pale karibu na kwetu sikufikiria, nilikubeba. Ulikuwa mwepesi. Nilikuingiza nyumbani kwangu nikakuweka kwenye kochi, na Joyline akaleta maziwa na ndizi zilizoganda alizokuwa ameziponda, akakulisha kwa kijiko kwa sababu hukuweza kukishika mwenyewe.

Ulikula yote Tata. Nilidhani tumeokoka.

Hospitali wamesema kwa mionzi hakuna kuruka siku. Usiporudi wiki ijayo nafasi atapewa mwingine. Nakuomba. Nitapanga chumba mbali zaidi, nitanunua jenereta ya Persis, niambie tu unataka nini.

Mwanao,
Duncan


Manga, 31 Julai 2025

Mwanangu Duncan,

Mko salama? Sisi tuko.

Nimekasirika, na nimekasirika mpaka kalamu ilikuwa inatoboa karatasi, ndiyo maana nimekawia. Ulifanya kile mwana anachofanya. Ningekuwa wewe ningembeba babangu hivyo hivyo. Lakini ulipomaliza kunibeba ulikuwa umeniweka mahali ambapo siwezi kutoka.

Mlango wa chumba chenu ulikuwa wazi. Kutoka kwa kochi niliona kitanda chenu. Kitanda, Duncan! Na Joyline akaninyanyua kidevu akanipangusa pua kama ninavyopanguswa na mama yako. Hakugeuza uso. Ingekuwa afadhali angegeuza.

Mchungaji alikuja akaniambia hayo mambo yamepitwa na wakati. Nikamwandikia kwa karatasi: wewe umekiona kitanda cha mwanao? Akaomba maji ya kunywa. Si laana ninayoogopa, mwanangu. Ni haya. Siwezi kukaa tena mji mmoja na yule msichana, nijue anajua.

Na nikuambie lingine, kwa sababu barua haioni uso wangu. Kile alichonilisha kilipita vizuri kuliko cha duka lolote, la Kisii au la Nairobi. Nilitamani kikombe cha pili. Nikiwa nimekaa ndani ya nyumba ya mwanangu, nimekiona kitanda chake, bado nilitamani cha pili. Hilo ndilo lililoniondoa asubuhi ile.

Sasa hata maji yanachagua siku. Daktari anataka kunipitishia mpira tumboni, nimekataa. Waambie hospitali nafasi wampe huyo mwingine.

Ni mimi,
Tata


Nairobi, 8 Agosti 2025

Tata,

Nakusalimu, na namsalimu mama. Siwezi kusema sisi ni wazima.

Nafasi yako wameshampa mtu. Nilienda kuhakikisha kwa macho yangu, nikamkuta bwana mmoja na binti yake wamekaa kwenye benchi lile lile tulilokalia, wanafurahi. Sikuweza kuwachukia. Daktari aliniambia kwa hali uliyofikia hata ukirudi leo hawataanza.

Joyline ameacha kula mezani. Anasema kama kosa ni lake atakuja apige magoti. Nimemkataza, nimemwambia atakuumiza mara ya pili. Lakini amekaa jikoni usiku na mchana akijaribu maziwa na ndizi na vanila ya Persis, anagandisha, anaponda, anaonja, anamwaga, anaanza upya. Amesema hii itapita. Nitaileta Ijumaa ijayo ndani ya boksi la barafu. Naja peke yangu. Utakula ukitaka, mimi nitatazama mlima.

Nilipita kwa Persis kumrudishia kiti chake mahali pake. Alinikataza nisikiguse.

Mwanao,
Duncan


Manga, 19 Agosti 2025

Mwanangu Duncan,

Natumai ulifika salama na basi halikukuchelewesha kazini. Mama yako anakushukuru kwa sukari na blanketi.

Ulipoweka lile boksi mbele yangu Ijumaa nilikuashiria kwamba nitakula baadaye, na ukatoka ukaenda kuangalia ng'ombe, ukakaa huko mpaka giza. Nakushukuru kwa hilo. Jumapili ulipopanda boda boda kurudi, nilijaribu. Ilikuwa imeanza kulegea lakini baridi ilikuwemo, mama yako alikuwa akiiongezea barafu ya lile duka la Nyakoe. Kijiko cha kwanza kilirudi. Cha pili pia. Nilikiacha kingine kiyeyuke juu ya ulimi tu, na hata hayo maji yakakataa kushuka. Njia imefungwa, Duncan. Usitafute duka lingine, si hapo si popote.

Nilimwambia mama yako aile yeye, isiharibike. Alikataa, nikagonga fimbo chini. Unajua hajawahi kuonja? Pale Kisii alininunulia mimi peke yangu. Akakaa kwenye mlango wa jiko akaila kijiko kwa kijiko, analia, anafuta uso na leso, anaendelea. Nikamuuliza kwa mkono, ikoje? Akasema ni tamu sana. Akasema msichana huyo ana mkono.

Usije tena mwezi huu, utapoteza kazi. Nitakapokuhitaji watakuita.

Joyline akikuuliza, mwambie nilikula yote.

Ni mimi,
Tata