Mama Ameuona Mti wa Mubende

Baba,

Asalaam aleikum. Mwanao Abdala anasema maiti hasomi barua, na mimi najua. Lakini wewe ndiye uliyenizoesha vibaya. Nikitoka popote, hata sokoni, lazima nikae nikueleze nimeona nini, nani alikuwepo na alivaa nini. Jana nimetoka Mubende, sasa nimwambie nani?

Tumeuona ule mti, Baba. Mti wa Nakayima wenyewe.

Kila mtu wa Mubende aliyeingia dukani kununua kanzu ulimkalisha kwenye benchi ukamhoji. Eti ni kweli mizizi yake inamzidi mtu urefu? Eti ina vyumba? Maskini mteja anataka kanzu ya harusi, wewe unataka habari za mti! Jioni unapanda juu na taarifa zako, Mama anachambua mchele, anakujibu, "Basi nipeleke nikauone." Nawe, "Tukipata nafasi, Mama Zuhura." Mlikaa pamoja miaka yote ile na nafasi yenyewe haikupatikana, maana duka halikufungwa hata Jumapili.

Nikueleze kwanza habari za Mama. Eda ilikwisha, Baba, ila yeye hakutoka edani. Tulimletea gauni jipya na udi, akaviweka kando. Akaendelea kukaa chumbani, dirisha limefungwa, na nguo zile zile nyeupe. Chai anakunywa kwa sababu umemletea. Ukimsemesha anaitika "naam", basi. Nilikuwa naja kutoka Makindye kila nikitoka kazini, na nikipanda zile ngazi naomba nimkute anagombana na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi. Wapi! Nilianza kuogopa kwamba tutazika wawili.

Halafu mwanangu Shamim, unamjua mdomo wake, akamuuliza, "Jjajja, ule mti wa Babu una miaka mingapi?" Mama akainua kichwa. Kisha akasema, "Hata babu yako hakujua. Twendeni tukaulize."

Abdala aliposikia alikuja juu. Mwanao tangu awe mwalimu wa madrasa kila kitu kwake ni fatwa. Watu wanakwenda kule kuuomba mti, alisema, hiyo ni shirki, na sisi tunajulikana Old Kampala nzima. Mama akamwambia, "Mimi naenda kutazama. Kutazama hakumtoi mtu katika dini." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu ufe. Basi Abdala akaja naye, si kutembea, kutulinda imani.

Tulikodi gari, Noah, tukapakia pilau na chupa ya chai ya tangawizi. Tulipofika Mityana Mama akataka gonja, zile ndizi za kuchoma. Alizitaka mwenyewe! Nilimnunulia nyingi mpaka Abdala akauliza kama tunafungua duka.

Sasa mti, Baba. Sijui nianzie wapi. Uko juu kabisa ya kilima, na wateja wako hawakuwa waongo. Mizizi imeinuka kutoka ardhini kama kuta za nyumba, mtu anasimama katikati haonekani. Vyumba vipo! Katika kila chumba watu wameacha buni za kahawa na sarafu, na penginepo moto unafuka. Wanasema palikuwa na mwanamke mkubwa aliyeitwa Nakayima, akatoweka, ukabaki mti. Alitowekaje? Nani alikuwepo akaona? Kila jibu nililopata lilizaa maswali mawili, nikasema hapa Baba angelala.

Mtunzaji wa pale ni mama wa makamo, amejifunga lubugo kiunoni, ile nguo ya gome la mti yenye rangi ya udongo, na simu inaning'inia shingoni. Akatusimamisha. "Viatu hapana, nyabo. Hapa kwa jjajja Nakayima watu naingia bila viatu." Abdala akanitazama, eti kiatu nivue msikitini na hapa pia? Kabla hajamaliza kukunja uso, Mama alikuwa ameshavua.

Ikaingia Adhuhuri. Abdala akasema tuswali pembeni, kwenye nyasi, mbali na mambo ya watu. Akatoa simu kutafuta kibla. Kibla kikaelekea kwenye mti. Akasogea kushoto, mti uko pale pale. Akasogea kulia, mizizi hii hapa. Upande wa pili ni kwenye mioto na watu wao, hawezi. Akatupa mikono, akasema Mungu anajua nia, akatandika mkeka. Yeye mbele, sisi wanawake nyuma yake, tukaswali tukiwa tumeuelekea mti mzima mzima.

Sasa sikiliza. Wakati tunaswali kikundi cha watu kimepanda kilima na vibuyu vyao. Wameona nini? Wameona bwana wa kanzu nyeupe, ndevu, anainama mbele ya mti kwa adabu, anaweka paji la uso chini, na familia yake yote inamfuata. Wakajua huyu ndiye mkubwa wao. Abdala anatoa salamu kulia, anatoa kushoto, anageuka, watu wameketi safu mbili nyuma yetu, kimya, wamevua viatu! Dada mmoja kijana akaja kwa magoti, akamwekea kahawa mapajani, akamwomba amsemee kwa jjajja apate mtoto.

Ungemwona mwanao! Mdomo wazi. "Mimi? Hapana, mimi siyo, astaghafirullah, dada, simama!" Kadiri anavyokataa ndivyo wanavyozidi kumwamini.

Hapo nikasikia sauti, nikadhani Mama ameanguka. Alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha kushika ubavu, Baba, ambacho hakina sauti mpaka kiishe pumzi ndipo kilipuke. Machozi yanamtoka, anampigapiga Abdala mgongoni, "Sheikh wa mti! Ya Rabi, Sheikh wa mti!" Shamim akacheka kwa kuwa Jjajja anacheka. Mimi nililia. Sijali, nililia mbele ya watu wale wote.

Kisha Mama akajipangusa, akamkalisha yule dada mkekani, akampakulia pilau. Akamwambia sisi hatuombi mti, tunaomba aliyeuotesha, lakini mtoto ni mtoto, akamwamuru Abdala ainue mikono amwombee kwa Mungu. Abdala akainua, akaomba. Wote wakaitikia amina, hata yule wa simu shingoni.

Baada ya hapo Mama hakukamatika. Aliingia chumba kimoja akatoka kingine. Anagusa mizizi, ananusa kidole. Anamuuliza mtunzaji, usiku popo wanakuja? Radi imewahi kuupiga? Ukidondosha tawi, nani anaruhusiwa kulichukua? Yule mama akachoka kujibu. Mimi nilikaa nikamtazama, nikasema, kumbe miaka yote ile alikuwa anakusikiliza.

Tulifika nyumbani magharibi. Nikamshika mkono kwenye ngazi, na katikati akasimama. Nilidhani amechoka. Akasema, hanitazami, "Zuhura, leo nimefurahi. Kutwa nzima. Baba yako ataona vibaya?"

Ndipo nilipoelewa, Baba. Kumbe si kulia tu kulikomweka ndani. Alikuwa anaogopa kuacha, anaona siku atakayocheka atakuwa amekukosea.

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Aliniambia."

"Alikuambia lini?"

"Hospitali. Ulikuwa umekwenda kuswali. Alisema, mama yako asinikalie ndani, atoke, afurahi."

Alinitazama muda. Halafu akasema, "Ndiyo maneno yake hayo." Akaniachia mkono, akazimaliza ngazi peke yake.

Hukusema, Baba. Hospitali hukuweza kusema chochote, mimi nilikaa nimekushika kidole tu. Nimekusingizia, tena mtu usiyeweza kunikana. Lakini asubuhi hii nimepiga simu, Shamim aliyelala kwake akapokea, akasema Jjajja amefungua dirisha na amevaa gauni lile jipya.

Mwezi ujao anataka Jinja, akaone Nile inapotokea. Nakuahidi nitampeleka, na kila atakapotaka nitampeleka, duka lifungwe lisifungwe. Lala salama, Baba yangu. Mungu akupe nuru kaburini.

Na siku mtakapokutana, Mungu amcheleweshe, najua swali lake la kwanza. Atakuuliza kama kweli ulisema. Tafadhali, Baba, sema ndiyo.

Mwanao,
Zuhura