Turner wa Kisauni

Kuze, Mombasa

Kwa Baba,

Shikamoo, na Mama nampigia magoti. Mgongo wako je, siku hizi wakuacha ulale? Mimi ni mzima, nanenepa kwa mikate ya mofa ya mtaa huu, ingawa joto lanitoa jasho hata nikiwa nimekaa tu. Ukarani wangu bandarini waendelea vizuri.

Baba, ulinituma ofisi ya serikali nikatuondolee jina la Turner. Ulisema wakoloni wamekwenda zao, nawe hutaki kuzikwa na jina la Mzungu aliyemchukua Babu. Nilikuwa tayari kwenda. Aliyenichelewesha ni Mzee Athmani, ambaye nimepanga chumba kwake.

Mzee huyu ni mkereza. Huketi chini, akizungusha mti kwa upinde huku patasi kaikaza kwa kidole cha mguu, akachonga matendegu, yaani miguu ya vitanda. Huku Mji wa Kale mpangaji haachwi hivi hivi. Sharti ajulikane ni wa nani. Kila alasiri barazani aniuliza nasaba yangu, nami nikifika kwa Babu nakwama, maana aliletwa Kisauni mtoto mdogo aliyetolewa utumwani, hajui kwao, akafa wewe ukiwa bado mchanga. Nilikuwa naona haya sana.

Basi nikamuuliza Bwana Smith, Mwingereza wa karakana ya bandari, jina letu lina asili gani. Kwao, alisema, zamani mtu alikuwa na jina moja tu. Akina Yohana wakizidi kijijini, wakatofautishwa kwa kazi zao: Smith mhunzi, Turner mkereza wa mbao. Watoto wakarithi majina hata walipoacha kazi. Yeye mwenyewe, aliniambia akicheka, hajui kufua hata msumari.

Nilipomweleza Mzee Athmani, aliruka.

"Mkereza! Basi weye ni nduu yangu, na siku zote wanificha? Keti hapa!"

Akaniketisha kwenye kerezo lake. Nikaliharibu tendegu zima, likatoka limepinda, mtaa mzima ukanicheka.

"Jina unalo, mkono huna," akasema. "Lakini babangu alikuwa akimsifu mkereza mmoja Mkristo wa Kisauni. Hebu nenda kaulize."

Jumapili baada ya ibada nikavuka daraja hadi Kisauni. Nikaelekezwa kwa Bi Agnesi, kikongwe aliyelelewa misheni pamoja na Babu. Nilimuuliza huyo Mzungu Turner alikuwa mtu gani.

"Mzungu gani, mwanangu? Hapa hapakuwa na Mzungu wa jina hilo. Turner ni babu yako! Alikuwa habanduki kwenye kerezo. Siku ya kuoa wamishonari wakamtaka jina la ukoo, naye ukoo hana. Akasema, 'Niandikeni kwa kazi yangu.' Fundi wao akawatajia hilo neno kwa Kizungu, likaandikwa."

Baba, hakupewa na bwana yeyote. Alijipa mwenyewe.

Akanionyesha kitanda chake, kazi ya Babu. Chini ya kila tendegu pana pete mbili nyembamba zimekaribiana, ndiyo alama aliyoiweka siku zote. Nilipozipapasa nikakikumbuka kitanda cha marehemu Bibi, kile kilicholetwa kwa treni kutoka pwani naye hakupata kutuambia nani alikichonga. Nililia mbele ya Bi Agnesi, wala sikuona haya.

Ofisini sijaenda. Neno ni lako, nami nitalitii. Lakini kabla hujaamua, inua shuka ya kitanda chako, kitanda kile kile cha Bibi, uwaite wote waje kuangalia.

Nisalimie Mama, mwambie machicha ya nazi huku hayatupwi ovyo kama alivyodhani. Nisalimie shangazi mwenye sauti ya kengele, na dada na mumewe. Mzee Athmani akusalimu. Asema yuko radhi akufundishe kazi ya ukoo, maana mimi amenikatia tamaa.

Mwanao akupendaye,
Samweli

(jina la pili nimekuachia nafasi uliandike wewe)