Mdomo wa Bosi

Shoga, uko wapi?

Nilimpelekea bosi ile kola ya shati niliyoishona upya. Akaitazama, mdomo ukampinda upande mmoja. Nikajua ananibeza. Si unanijua mimi na nyuso za watu?

Nikamuuliza, "Nimeharibu tena?"

Akaguna tu. AKAGUNA TU! Nikakimbilia chooni, nikajifungia nusu saa nzima nalia.

Natoka, namkuta yuko chini, kola bado iko mkononi. Kiharusi, shoga. Wamembeba hadi hospitali, haongei.

Yule mama anayepiga pasi pale kazini akaniuliza, "Ulipokuwa naye, hukuona mdomo umempinda?"

Nikamjibu kwamba sikumtazama bosi usoni.

Nilimtazama. Niliuona ule mdomo unavyopinda, nikadhani unanisema mimi.