Jina la Daudi Halimo Ukutani

Mama Daudi,

Natumaini goti lako limepata nafuu. Hapa Dubai joto linachoma hata kivulini. Leo nimezunguka ua wa kanisa, chini ya matao, nikisoma majina ya marehemu yaliyochongwa ukutani. La mwanetu halimo.

Mlinzi mmoja, mtu wa Kitale, mwenye kazi kama ya Daudi wetu, akaniambia, "Mzee, hapo huandikwa wakubwa. Sisi walinzi tunalazwa kule mchangani, bila hata kibao."

Akanipeleka. Makaburi yote yanafanana, naye hakulijua la Daudi. Udongo niliouchota kwenye kaburi la babu yake bado umo mfukoni mwangu. Sikujua niumwage wapi.

Pale tulipomtengea Daudi kaburi, kando ya babu yake, panda viazi. Usipaache wazi tena.

Jifunike vizuri usiku, mke wangu.

Baba Daudi